Ushuhuda wa Kubebesha

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja jioni, sebuleni kwa mama mmoja wa hapa Tukuyu, mbele ya vijana wetu na marafiki waliowaalika. Vijana wawili waliniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Baba zangu, mama zangu, vijana, na ninyi wageni mlioambiwa kuna viazi vya kuchemsha mkaja mkakuta kuna hotuba: ndaga fijo kwa kuja na mvua hii. Viazi vipo, mama yuko jikoni, sitawachelewesha.

Nimepewa nizungumzie ushuhuda. Nilipoambiwa nilicheka peke yangu, maana hapa kwetu neno hilo lina mwenyewe tayari. Mtu wa Mbeya ukimwambia kuna ushuhuda, anakaa vizuri kwenye benchi. Anajua sasa habari inakuja. Kaka alikuwa mlevi wa kutupwa, analala mitaroni Mwanjelwa, mpaka siku alipopita karibu na mkutano wa injili pale viwanja vya Ruanda Nzovwe, akasikia kama anaitwa kwa jina lake. Mama alikuwa kitandani miaka saba, akaombewa, akaamka akaomba ugali. Tarehe inatajwa, saa inatajwa, watu wanashangilia. Sidharau hata kidogo. Shangazi yangu ana ushuhuda wa namna hiyo na mimi nilikuwepo nikaona.

Ila nilipojiunga na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, sisi ambao wengi mnatuita Wamormoni, nilikuta kitu kingine kimebeba jina hilohilo. Jumapili ya kwanza ya mwezi tunafunga milo miwili, na kile ambacho tungekula tunakitoa sadaka kwa wenye shida. Baada ya sakramenti, ambayo kwetu ni mkate na maji, mimbari inaachwa wazi. Hakuna mhubiri aliyepangwa. Anayesukumwa moyoni anasimama. Na anachosema, mara nyingi hakina mlevi wala mgonjwa ndani yake. Ninajua Mungu yupo. Ninajua Yesu ni Mwokozi wangu. Ninajua Joseph Smith alikuwa nabii na Kitabu cha Mormoni ni cha kweli. Katika jina la Yesu Kristo, amina. Anakaa. Dakika mbili zimekwisha. Mara ya kwanza nilibaki najiuliza: sasa habari yenyewe iko wapi?

Mwezi wa nne au wa tano hivi, akapanda mtoto wa kama miaka minne, kavaa tai ile ya mpira, mama yake kamwinamia sikioni. Mama ananong'ona, "Ninajua." Mtoto anapaza, "Ninajua!" Mama, "kanisa hili." Mtoto, "kanisa hili!" Mama, "shika maiki vizuri." Mtoto akatangazia watu wote, "Shika maiki vizuri!" Tulicheka mpaka machozi. Halafu mimi nikanyamaza kabla ya wengine, kwa sababu mwezi uliotangulia nilikuwa nimesimama palepale, mtu mzima wa miaka 26, nikasema maneno yaleyale. Tofauti yangu na yule mtoto ni kwamba mnong'onezaji wangu hakuonekana.

Ndicho ninachotaka tukiongee usiku huu. Mtu anatokaje kwenye kunong'onezewa mpaka afikie kusema la kwake.

Nilikuwa Dar es Salaam wakati huo, nashona nguo kwenye chumba cha mtu. Kaka yangu ndiye aliyetangulia kubatizwa, kisha akanileta kwa wamisionari wawili, vijana wenye vitambulisho vyeusi kifuani. Niseme kidogo hapa. Katika Kanisa letu kijana wa miaka 19 aliye misheni anaitwa Mzee fulani, na bibi wa miaka 70 anaitwa Dada fulani. Kwa mtu aliyelelewa Rungwe, ambako mkubwa humsalimii umesimama wima kama mnazi, hili lilinichukua muda. Mpaka leo yule bibi namwita Mama, na hajawahi kunisahihisha.

Wale vijana walinisimulia habari za Joseph Smith akiwa mvulana wa miaka 14, mwaka 1820, huko Palmyra katika jimbo la New York. Wamethodisti wanamvuta huku, Wapresbiteri kule, Wabaptisti wana yao, na nyumbani kwao wenyewe familia imegawanyika. Mvulana anauliza: yupi ana haki? Nilitingisha kichwa kwa kuelewa kabisa, maana hiyo ilikuwa Mbeya. Jumamosi Waadventista, Jumapili kengele ya Moravian, Walutheri wa KKKT, Wakatoliki, na kila kona kanisa la kiroho lenye spika zinazoshindana na za jirani. Yule mvulana akasoma Yakobo 1:5, kwamba aliyepungukiwa na hekima amwombe Mungu, akaingia msituni akaomba, na alisema kwamba aliwaona Baba na Mwana. Miaka kumi baadaye, mwaka 1830, Kitabu cha Mormoni, ambacho kwetu ni maandiko matakatifu pamoja na Biblia, kikachapwa, na tarehe 6 Aprili mwaka huohuo Kanisa likaanzishwa.

"Usituamini sisi," wakaniambia. "Muulize Mungu mwenyewe." Wakanionyesha Moroni, kitabu cha mwisho ndani ya Kitabu cha Mormoni, sura ya 10, aya ya 4, pale panapoahidiwa kwamba anayeuliza kwa moyo wa kweli na kwa kusudi halisi atadhihirishiwa ukweli kwa uwezo wa Roho Mtakatifu.

Nikauliza. Ijumaa usiku, chumba cha kupanga, nimepiga magoti kwenye mkeka. Nilisubiri moto. Nilikuwa nimesikia shuhuda za kutosha nyumbani kujua kwamba moto huwa unakuja. Nilichosikia ni jirani anakaanga dagaa. Nikarudia Jumamosi, nikarudia Jumapili. Dagaa siku hizo mbili hazikukaangwa, lakini moto haukuja pia.

Nikabatizwa hivyohivyo. Niliwapenda wale watu, nilimwamini kaka yangu, nyimbo zilinituliza. Na Jumapili ya mfungo nikasimama nikasema "ninajua", kwa sababu ndilo neno nililosikia kila mtu akilitumia. Sikudhamiria kudanganya. Nilivaa nguo ya kuazima nikasahau kwamba ni ya kuazima.

Baadaye, niliposoma Kitabu cha Mormoni mwenyewe kwa utulivu, nilikuta mahali palinichoma. Mnakijua kile kisa cha Wazoramu katika Alma 31, moja ya vitabu vilivyomo humo? Walijenga kimimbari katikati ya sinagogi, kirefu, kinatosha mtu mmoja tu juu yake, wakakiita Rameumptomu. Kila mtu anapanda siku moja kwa wiki, ananyoosha mikono, anasema sala ileile neno kwa neno, anashuka. Kisha wanakwenda majumbani na Mungu hatajwi tena mpaka siku ile irudi. Nilifunga kitabu. Nikasema, huyu ni mimi na maiki yangu.

Lakini sura inayofuata, Alma 32, ndiyo ile ya mbegu. Na angalieni Alma, nabii anayehubiri humo, anamwambia nani maneno ya mbegu. Hawaambii waliopanda kimimbari. Anawaambia maskini waliofukuzwa kwenye masinagogi waliyoyajenga kwa mikono yao, kwa sababu nguo zao hazikufaa. Wanamuuliza: tutamwabuduje Mungu wakati tumetolewa nje? Alma hawarudishii mimbari. Anawaambia wajaribu neno kama mbegu, na kama hawana imani, wawe basi na hamu tu ya kuamini, waipe hiyo hamu nafasi. Sehemu hiyo ukiisoma ukiwa umelima, inaongea tofauti. Hasemi mbegu ikishaota wewe unajua kila kitu. Anasema unajua jambo moja, kwamba mbegu hii ni nzuri, na katika hilo imani yako imelala kwa sababu unajua. Mengine bado ni imani.

Kuna kingine ambacho ningekijua mapema kingeniokoa aibu. Katika Mafundisho na Maagano, kitabu chetu cha mafunuo, sehemu ya 46, panapoorodheshwa karama za Roho, imeandikwa kwamba wengine wamepewa kujua kuwa Yesu Kristo ni Mwana wa Mungu, na wengine wamepewa kuamini maneno ya hao wanaojua. Kuamini maneno ya mwingine kumehesabiwa karama, hakukuitwa upungufu! Ningesimama siku ile nikasema, "Naamini maneno ya kaka yangu, na ninatamani kujua," ningekuwa nimetoa ushuhuda halali, tena wa kweli kuliko ule nilioutoa. Vijana, hasa ninyi mliozaliwa ndani ya Kanisa, hili mlishike. Ukisimama ukasema "natumaini", hakuna atakayekushusha. Na akikushusha, njoo uniambie.

Sasa nirudi nyumbani. Baada ya miaka mitano Dar es Salaam nilirudi Rungwe kumtunza bibi mzaa baba. Bibi alikuwa Mmoraviani wa damu. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na babu yake bibi alikuwa miongoni mwa waliosomeshwa nao kusoma na kuandika. Pia bibi alikuwa mtu wa chai. Amechuma chai ya watu, akapanda ya kwake, akamsomesha baba yangu kwa tenga mgongoni.

Mnajua kinachokuja. Sisi tuna kitu kinaitwa Neno la Hekima, ufunuo wa mwaka 1833, ambao ndani yake tunaacha pombe, tumbaku, kahawa na chai. Mkulima wa Mbozi asiyekunywa kahawa, Mnyakyusa asiyekunywa chai! Asubuhi ya kwanza bibi akanimiminia chai ya maziwa kwenye kikombe chake cha bati chenye maua, kile kilichobanduka rangi ukingoni, akakisukuma mbele yangu. Nikamwambia situmii tena. Akaniangalia muda mrefu.

"Kyala, Mungu wetu, anakataza majani yaliyomsomesha baba yako?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina jibu ambalo lingemtosha bibi. Nikasema, "Sijui, bibi. Nimeahidi tu." Akavuta kile kikombe, akakinywa mwenyewe mpaka mwisho bila haraka. Kesho yake nikamkuta amekata mchaichai kando ya karo, amechemsha na maziwa. "Ahadi ni ahadi," akasema. "Hata sisi tunaahidi."

Nilikuwa nimesoma mara nyingi Yohana 7:17, kwamba mtu akipenda kuyatenda mapenzi ya Mungu atajua habari ya mafunzo yale kama yatoka kwa Mungu. Sikuwa nimeona kwamba kutenda kumewekwa mbele na kujua nyuma. Nilitaka nijue kwanza, halafu nione kama nitatenda. Pale jikoni kwa bibi nilikuwa natenda jambo ambalo sikulielewa, kila siku, asubuhi na jioni, na kila kikombe cha mchaichai kilinikumbusha kwamba kuna mtu nimempa neno langu. Sisemi kwamba mchaichai uliniletea ufunuo. Nasema uliniweka karibu.

Kazi yangu, kama mnavyojua, ni miche ya parachichi. Na hapa mnivumilie, nitaongea kama mtu wa kitalu. Unapanda kokwa la parachichi la kienyeji kwenye kiriba. Mche ukifikia unene wa kalamu, unaukata juu, unaupasua katikati kwa kisu kikali kilichosafishwa. Kutoka kwenye mti mama wa parachichi aina ya Hass unachukua kikonyo chenye macho hai, unakichonga kama kabari, unakiingiza kwenye ule mpasuko ganda kwa ganda. Kisha unafunga kwa nailoni, kwa nguvu, hewa na maji visiingie. Hiyo ndiyo kubebesha. Halafu, jamani, unasubiri. Wiki tatu, nne, nyingine zaidi, hasa baridi ya Juni ikiwa kali. Kwa nje hakuna kinachoonekana. Ni kijiti kimefungwa bandeji.

Mwaka wa kwanza nilimwachia kitalu mtoto wa kaka yangu, wa miaka tisa, nikaenda Uyole kununua viriba. Niliporudi nikamkuta amechuchumaa kwenye mstari, yuko kwenye mche wa 17. Amefungua nailoni zote kumi na saba, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu mkubwa, na kuzirudishia vizuri kabisa.

"Nilitaka kuona kama imeshika, shangazi."

Ilikuwa inashika. Ukitazama kwa karibu uliona utando mwembamba wa kijani kibichi pale kwenye mpasuko, na yeye alikuwa ameuachanisha. Ilikauka yote kumi na saba. Sikumchapa. Nilikaa chini kwenye matope nikaanza kucheka, maana nilikuwa nimejiona. Kila usiku, tangu ile Ijumaa ya dagaa, nilikuwa nafungua nailoni. Nasali, halafu papo hapo najipima: je, umesikia kitu? Moyo umepasha? Sasa je? Na sasa? Nilidhani ndiko kujaribu neno. Alma anasema jaribu, ndiyo, lakini anayejaribu mbegu anaimwagilia na kuipalilia. Hajasema uifukue kila jioni.

Tangu hapo nikaacha kujipima. Nilisoma, nilisali, nilifunga, nilikwenda kwenye mikutano ilipowezekana, na isipowezekana nilisoma na bibi Biblia yake. Na nikaona kitu ambacho nilikiruka mara zote. Tunakimbilia Moroni 10 aya ya 4, lakini aya ya 3 inatangulia, nayo inasema kwanza ukumbuke jinsi Bwana alivyokuwa na rehema kwa wanadamu tangu Adamu mpaka wakati wako, uyatafakari hayo moyoni. Kukumbuka kwanza, kuuliza baadaye. Nilikuwa nimeuliza bila kukumbuka chochote, kama mtu anayepiga hodi kwa jirani ambaye hajawahi kumsalimia.

Nisiwadanganye kwamba kuanzia hapo njia ilinyooka. Siku moja kwenye simu nikakutana na jambo la 1978. Wengine mnalijua, wengine mtalisikia kwa mtu atakayetaka kuwaumiza, bora mlisikie kwangu. Kuanzia katikati ya karne ya 19 mpaka Juni 1978, mwanamume mweusi hakupewa ukuhani katika Kanisa hili, na watu weusi, wanaume kwa wanawake, hawakuruhusiwa kupokea ibada kuu za hekaluni. Miaka zaidi ya mia moja! Ukaja ufunuo ukaondoa katazo hilo, na mwaka 2013 Kanisa likatamka wazi kwamba linakataa zile nadharia zilizotumiwa zamani kulitetea, kama vile kusema weusi ni laana. Vizuri. Lakini mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda na simu mkononi, na mikono iliyoishika ni hii mnayoiona. Miezi mitatu sikukanyaga kanisani. Kaka yangu akipiga simu naongelea bei ya viriba.

Kilichonirudisha hakikuwa maelezo. Sijapata maelezo yanayoniridhisha na sitajifanya ninayo. Nilisoma habari za watu. Joseph William Billy Johnson, wa Ghana, alipata Kitabu cha Mormoni mwaka 1964, akakiamini, akaanza kuwahubiria watu na kukusanya makutano, hakuna mmisionari, hakuna aliyemtuma, hakuna hata aliyeweza kumbatiza. Aliandika barua kuomba wamisionari, akasubiri miaka 14. Desemba 1978 ndipo alipobatizwa, na watu wake wengi. Nigeria kulikuwa na Anthony Obinna, naye aliandika barua miaka na miaka. Alibatizwa tarehe 21 Novemba 1978 pamoja na wenzake 18. Hawa walijua wakati Kanisa lenyewe halijawafungulia mlango. Nani aliwanong'oneza? Mimi nina kaka, nina tawi, yaani kusanyiko letu dogo, nina rais wa tawi anayenipigia simu nikikosa. Wao walikuwa na kitabu na magoti. Nikasema, kama Mungu aliongea nao kule nje, basi hakungoja ruhusa ya mtu yeyote kuongea na Mwafrika. Jambo hilo linaniuma bado. Lakini linaniuma nikiwa ndani. Leo hekalu liko Nairobi, liliwekwa wakfu Mei 2025, na ninaweka akiba ya nauli.

Mtu ataniuliza: si rahisi zaidi Mungu angetuonyesha tu? Malaika mmoja, mara moja, mambo yaishe. Haya, kuna walioonyeshwa. Mbele ya kila nakala ya Kitabu cha Mormoni kuna majina ya mashahidi watatu, Oliver Cowdery, David Whitmer na Martin Harris, waliotamka kwamba malaika aliwaonyesha mabamba ya dhahabu ambayo Joseph Smith alisema alikitafsiri kitabu hicho kutoka kwayo. Wote watatu waliondoka Kanisani. Wote! Cowdery alirudi mwaka 1848, Harris alirudi akiwa mzee wa miaka 87, mwaka 1870. Whitmer hakurudi kabisa, alifariki 1888. Cha ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja aliyekana alichokiona, hata wakati walipokuwa wamegombana na Joseph Smith vibaya. Waliona, na bado wakaondoka. Sasa wewe unayesema ungemwona malaika usingeyumba tena, fikiria kidogo.

Huyo Cowdery ana kisa kingine ninachokipenda zaidi. Mwaka 1829, akiwa mwandishi wa Joseph kwenye tafsiri, alitaka ushahidi mwingine. Jibu alilopewa, liko katika Mafundisho na Maagano sehemu ya 6, ni kukumbushwa usiku ule alipomlilia Mungu moyoni. Aliulizwa: sikukupa amani akilini mwako kuhusu jambo hili? Jibu lilikuwa limeshatolewa. Alikuwa amelipita.

Nilikuwa kitaluni, alfajiri ya Julai, umande umeganda kwenye nyasi, vidole havifungi nailoni sawasawa. Nilikuwa nasali kama ninavyosali nikifanya kazi, mdomo haufunguki. Naomba kuhusu kifua cha bibi, kuhusu deni la mbolea. Nikafunga mche, nikashika mwingine, na katikati hapo nikagundua kwamba kwa muda mrefu, labda mwaka mzima, nilikuwa nimeacha kuuliza kama kuna anayesikiliza. Nilikuwa nazungumza naye tu. Swali lilikuwa limekwisha na sikujua limekwisha lini. Nilirudi kwenye mstari wa miche ya mwezi uliopita, na macho yalikuwa yamechipua, rangi ya shaba, madogo kama punje za mchele.

Na hapo ndipo nilipokumbuka ile Ijumaa. Kabla ya dagaa. Nilipopiga magoti kwenye mkeka kulikuwa na kitambo kidogo, sijui sekunde ngapi, ambapo chumba kilitulia na mimi nikatulia, hofu ya kodi na ya kesho ikawekwa chini kama mtu anayetua tenga. Kisha mafuta yakalia kikaangoni, nikafungua macho nikasema, hakuna kitu. Kumbe nilikuwa nimekaa nasubiri moto, na mgeni ameingia kwa mlango wa uani.

Bibi alifariki miaka minne baadaye, Mmoraviani mpaka mwisho, na mimi ndiye niliyemsomea. Wageni wetu mlio wa makanisa mengine, msiogope kwamba nimewaita hapa niwang'oe. Katika kubebesha hatung'oi shina. Hass haisimami kwenye udongo wetu bila mzizi wa kienyeji chini yake. Bibi alinifundisha kupiga magoti kabla sijajua kusoma. "Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate," alikuwa akisema kila akifunga mlango wa kuku. Nilichopewa baadaye kilibebeshwa juu ya hapo. Machipukizi machache ya shina nimeyapunguza, chai ikiwamo, na bibi alinisamehe.

Basi nami nitoe wangu, usio na mtu sikioni. Ninajua kwamba Mungu ananisikia. Hilo halina tena nailoni. Ninajua Yesu Kristo amebeba vitu nilivyokuwa navibeba, kwa sababu ninakumbuka uzito wake. Ninajua Kitabu cha Mormoni kimenileta karibu naye kuliko nilivyokuwa. Kuhusu Joseph Smith, ninaamini, na kila mwaka zaidi kuliko uliopita. Kuhusu kwamba nitamwona bibi tena na atanimiminia kitu kwenye kile kikombe cha bati, natumaini, natumaini sana. Katika jina la Yesu Kristo, amina.